Sikukuu ya Idd na tahadhari kwa wenye kisukari

Baada ya mwezi mzima wa saumu, siku ya Idd el Fitr nyumba za Waswahili, kuanzia Mombasa hadi Muscat na London, hunukia pilau, biriani, kaimati na halwa. Kwa mgonjwa wa kisukari, hata hivyo, furaha hiyo ina hatari yake. Mlo mkubwa wa wanga na vitamu hupandisha sukari ya damu ghafla, na kila nyumba anayoizuru humwandalia sahani nyingine.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linapendekeza kwamba sukari inayoongezwa katika vyakula na vinywaji isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani takriban gramu 50 kwa mtu mzima. Kopo moja la soda la mililita 330 huwa na karibu gramu 35. Anayetamani kipande cha halwa basi, ni heri akishushe kwa kahawa chungu, kama ilivyo desturi ya Oman.

Kuanza na kachumbari na nyama, kisha wali, hupunguza kasi ya sukari kuingia katika damu. Matembezi mafupi baada ya mlo nayo huisaidia misuli kuitumia sukari hiyo.

Wagonjwa waliobadilishiwa saa za insulini au vidonge wakati wa Ramadhani wanapaswa kumwuliza daktari, kabla ya Idd, namna ya kurejea katika ratiba ya kawaida.

Mwenyeji naye ana wajibu wake: mgeni akisema ametosheka, asishurutishwe.