Vidudu vinavyokula gesi ya Ziwa Kivu

Nani kati yetu aliyetoka Goma ao Bukavu hajasikia hayo maneno, eti siku moja Ziwa Kivu litalipuka? Watoto waliozaliwa huku Kasese na Bwera wanayasikia kwa wazazi, wanaogopa ziwa ambalo hawajaliona. Basi tuielewe hiyo gesi.

Kweli iko, tena nyingi. Ziwa lina kina cha mita 485 hivi, na chini mna karibu kilometa za ujazo 60 za metani na 300 za kaboni dayoksaidi. Maji ya chini yana chumvi na ni mazito, hayapandi kuchanganyika na ya juu. Hapo ni kama chungu kilichofunikwa.

Lakini metani kidogo inapenya na kupanda polepole. Mbona haijai hewani? Inaliwa! Pale oksijeni ya maji ya juu inapoishia, mnaishi vidudu visivyoonekana kwa macho. Vinaichoma metani kwa oksijeni ndani ya miili yao, kama sisi tunavyofanya na ugali, vinapata nguvu. Sehemu kubwa inaishia humo. Ni faida kwa dunia nzima, maana kwa miaka 100 kilo moja ya metani inaongeza joto zaidi ya mara 25 kuliko kilo moja ya kaboni dayoksaidi.

Hata huku viko. Kwenye mafunjo ya Ziwa George, chomeka kijiti katika tope (viboko wakiwa mbali!) utaona mapovu. Humo mna metani, inayotengenezwa na vidudu vingine vinavyoozesha majani pasipo hewa. Mizizi ya mafunjo, sawa na ya mpunga, inashusha hewa topeni, na wala metani wanakaa hapo hapo kwenye mizizi.

Je, vinaweza kuzuia mlipuko? Hapana. Vinakula kinachopenya polepole tu. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya Goma mpaka ziwani, na gesi ya chini haikutoka. Mwezi wa Mei 2021 volkano ikalipuka tena, watu wengi wakaamriwa kuhama, na ziwa lilikuwa moja ya hofu. Kinachopunguza metani ni kuivuta: upande wa Rwanda, mtambo wa KivuWatt unaitoa na kuifanya umeme, megawati 26, tangu 2016.

Tusichanganye na mazuku. Ile ni kaboni dayoksaidi inayotoka ardhini karibu na Goma, na hivi vidudu haviigusi. Ni nzito kuliko hewa, inalala mashimoni na mabondeni, hasa usiku na alfajiri kabla upepo haujavuma. Haionekani. Mtu mzima aliyesimama anaweza kupita salama na mtoto anayemfuata akaanguka. Wanaorudi huko wawaonyeshe watoto mashimo hayo mapema, na mbuzi akionekana amelala humo, mtu asishuke kumchukua.