Jengo Husemewa, Filamu Husimuliwa: Matembezi ya Marafiki kutoka Kivaa na Nafasi ya Kiswahili

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa kutembea kwingi ni kuona mengi. Kauli hiyo ni ya kweli, ila kuona si kuelewa. Mtu aweza kusimama mbele ya ukuta wa miaka mia nne asione ila mawe. Aweza pia kuketi mbele ya filamu ya saa mbili asiambulie ila vishindo na milio ya risasi. Baina ya kuona na kuelewa pana msemaji: yule anayelisemea jengo lisilo na kinywa, au anayeisimulia filamu iliyotungwa kwa lugha ngeni. Makala haya yanaeleza matembezi ya vijana na marafiki zao kwenye majengo ya kihistoria na kwenye sinema, yakianzia Kivaa, Kaunti ya Machakos. Hoja yake ni kwamba thamani ya matembezi hayo hutegemea usimulizi, na kwamba usimulizi huo ni uwanja ambao wanafunzi wa Kiswahili hawana budi kuushughulikia.

Kivaa na Dhana ya Matembezi

Kiswahili kina maneno kadhaa ya kutaja kuondoka nyumbani na kurejea, na kila neno lina uzito wake. Safari huwa na shughuli na umbali. Ziara huwa na mwenyeji na, mara nyingi, urasmi. Ndiyo sababu viongozi hufanya ziara na wanafunzi huenda ziara ya kimasomo. Matembezi, kwa upande wake, huwa na hiari na wenzi. Hayana mwalimu wa kuhesabu vichwa wala ripoti ya kuwasilishwa. Katika matembezi, rafiki ndiye kitabu cha kwanza cha rafiki yake.

Kivaa ni wadi mojawapo ya eneo bunge la Masinga, katika nchi kavu ya Ukambani iliyo kusini mwa Mto Tana. Wenyeji wengi ni Wakamba, na ng'ambo ya mto wanaishi Wambeere. Hapa si mahali pa majumba ya sinema wala makumbusho. Hata hivyo, itakuwa kosa kudhani kuwa hapana jengo la kutazamwa. Katika Mto Tana yalijengwa mabwawa ya kuzalisha umeme kwa mfululizo: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu mwaka 1974, Gitaru mwaka 1978, Masinga mwaka 1981 na Kiambere mwaka 1988. Ukuta wa bwawa nao ni jengo la kihistoria. Unaeleza namna taifa changa lilivyotafuta nguvu za kuendeshea viwanda na miji yake baada ya uhuru wa 1963. Kundi la marafiki linalofika ukingoni mwa bwawa hutazama maji. Likiwa na mzee mmoja anayekumbuka mto ulivyokuwa kabla ya ukuta, hutazama pia mashamba, vivuko na malisho yaliyofunikwa. Maji ni yaleyale. Kilichoongezeka ni masimulizi.

Majengo Yasiyo na Kinywa

Anayetoka Kivaa kuelekea Thika na Nairobi hupitia Matuu, na kabla ya kufika Thika huuona mlima wenye majina matatu. Wamaasai waliuita Ol Donyo Sabuk, yaani mlima mkubwa. Wakamba huuita Kyanzavi. Kwa Kiswahili ni Kilimambogo, kilima cha mbogo, kwa sababu ya nyati waliojaa humo. Majina hayo matatu peke yake yanatosha kuwa somo la isimujamii: kila jamii iliyoutazama mlima iliutaja kwa kile kilichoigusa.

Mlima huu, uliotangazwa kuwa mbuga ya taifa mwaka 1967, una kaburi la William Northrup McMillan, mzaliwa wa Marekani aliyekuwa mlowezi tajiri na mwenye ardhi kubwa katika sehemu hizo. Alifariki mwaka 1925. Husimuliwa kuwa alitaka kuzikwa kileleni, lakini chombo kilichovuta jeneza kikashindwa na mwinuko, naye akazikwa njiani. Nyumba yake ya mawe ingali inajulikana katika eneo hilo la Machakos, na wapo wanaoiita kasri.

Kisa hicho hakiishii mlimani. Jijini Nairobi, katika Barabara ya Banda, imesimama Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931 kwa kumbukumbu ya mtu huyohuyo. Ina nguzo nene na sanamu za simba wawili mlangoni. Vijana wengi hupigia picha hapo, na picha hutoka nzuri. Hata hivyo, jengo hilo lilikuwa la Wazungu pekee kwa sehemu kubwa ya enzi ya ukoloni. Lilikabidhiwa baraza la jiji mwaka 1962. Asiyesimuliwa hilo huona simba wa mawe. Aliyesimuliwa huona mlango ambao babu yake asingeruhusiwa kuuvuka ili asome. Tofauti ya watazamaji hawa wawili haitokani na macho yao bali na maneno waliyopewa.

Hali ni hiyohiyo kwa mji wa Machakos. Jina lenyewe ni masimulizi yaliyopotoshwa na ulimi mgeni: mji uliitwa kwa jina la Masaku, kiongozi na mtabiri wa Wakamba. Waingereza walijenga kituo chao hapo mwishoni mwa miaka ya 1880, wakakifanya makao ya utawala wao wa bara. Reli ilipoupita mji huo pembeni na kufika Nairobi mwaka 1899, makao nayo yakahamia huko. Mkamba hutamka Masaku hata leo, kana kwamba analirudisha jina mahali pake. Aidha, si mbali na Maktaba ya McMillan pana barabara iliyopewa jina la Muindi Mbingu, aliyewaongoza Wakamba mwaka 1938 kwenda Nairobi kupinga kupunguzwa kwa mifugo yao kwa nguvu, na ambaye serikali ya kikoloni ilimhamishia Lamu. Kijana wa Kivaa aweza kupita katika barabara hiyo kila likizo akielekea sinema, asijue kuwa anakanyaga habari za watu wake.

Sinema: kutoka Garini hadi Kibandani

Sinema iliwafikia watu wengi wa vijijini Afrika Mashariki ikiwa na msemaji wake. Kati ya 1935 na 1937 palikuwa na jaribio la kutengeneza filamu za mafunzo kwa Waafrika, makao yake yakiwa Vugiri katika milima ya Usambara, Tanganyika. Maelezo ya filamu hizo yaliwekwa kwenye sahani za gramafoni, hivi kwamba picha zilezile ziliweza kusemewa kwa lugha tofauti, Kiswahili kikiwemo. Baadaye, kuanzia 1939, Waingereza walikuwa na kitengo rasmi cha filamu za makoloni. Magari ya sinema yalizunguka vijijini, kitambaa cheupe kikatandazwa, na mkalimani akashika kipaza sauti kuwaelezea watazamaji walichokiona. Shabaha ya serikali ilikuwa propaganda na mafunzo ya kilimo na afya. Hata hivyo, mkalimani hakuwa bomba la kupitishia maji tu. Aliyejua lugha ya watu ndiye aliyeshika ufunguo wa filamu.

Mijini mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Nairobi ilikuwa na Theatre Royal tangu 1912, jengo lililokuja kuwa sinema ya Cameo, na majumba mengine yakafuata. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake cha 2018 kuhusu sinema nchini Tanzania, ameonyesha kuwa kwenda sinema kulikuwa tukio la kijamii hasa: familia na marafiki walivaa vizuri, wakatoka pamoja, kisha wakaijadili filamu kwa siku kadhaa. Kwa maneno mengine, nusu ya filamu ilikuwa ukumbini, na nusu ya pili ilikuwa njiani wakati wa kurudi.

Baadaye ulikuja mkanda wa video, na majumba mengi ya zamani yakafungwa au kugeuzwa makanisa na maduka. Mahali pake pakazuka vibanda vya video sokoni na mitaani. Humo ndimo mkalimani wa garini alimozaliwa upya. Tanzania ilimjua Lufufu, aliyetafsiri filamu za kigeni kwa Kiswahili chenye mvuto wake. Kenya inamjua DJ Afro, ambaye sauti yake imeandamana na filamu za mapigano katika vibanda, mabasi na majumba. Msimulizi wa aina hii hupunguza sauti ya wahusika, akawapa majina ya mtaani, akawakisia mawazo, akaongeza methali na mzaha, na akachopeka matukio ya siku hiyo katika kisa kilichotungwa Hong Kong au Marekani.

Anayeijua fasihi simulizi hatashindwa kuzitambua sifa hizo. Pana fanani, pana hadhira inayomjibu, pana takriri, tanakali za sauti, uchopezi na utendaji wa papo kwa papo. Wapo wanaolalamika kuwa wasimulizi hawa huharibu maana ya asili na kuchanganya Kiswahili na Sheng. Lalamiko hilo lina ukweli ndani yake, kama yalivyo na ukweli maswali kuhusu hakimiliki na kuhusu watoto wanaotazama filamu zisizowafaa. Lakini mtambaji wa hadithi naye hakuhukumiwa kwa usahihi wa tafsiri. Alihukumiwa kwa uwezo wake wa kukifanya kisa cha mbali kiwe cha nyumbani. Filamu za Kenya zenyewe zimelitambua jambo hili. Katika Nairobi Half Life ya mwaka 2012, iliyoongozwa na David Gitonga, mhusika mkuu Mwas anaanza kama kijana wa kijijini anayeuza filamu kwa kuwaigizia wateja visa vilivyomo. Anauza usimulizi kabla ya kuuza mkanda.

Mahali Majengo na Sinema Yanapokutana

Mahali ambapo pande hizi mbili zimeungana waziwazi ni Unguja, na wanafunzi wa Kiswahili kutoka bara hupata nafasi ya kufika huko au, walau, kusoma habari zake. Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waarabu wa Omani baada ya Wareno kung'olewa, ndiyo iliyokuwa ukumbi mashuhuri wa tamasha la filamu la nchi za jahazi, lililoanza kufanyika mwaka 1998. Watazamaji waliketi ndani ya jengo la kale wakitazama sanaa changa. Mwaka 2021 riwaya ya Adam Shafi, Vuta N'kuvute, ilitolewa kama filamu iliyoongozwa na Amil Shivji. Mitaa na nyumba za Zanzibar zikawa ndani ya filamu badala ya filamu kuwa ndani ya nyumba.

Unguja inafundisha pia kuhusu upotevu. Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, iliporomoka wakati wa ukarabati, na watu wawili wakapoteza maisha. Ukuta wenye sifa ya dunia nzima uliweza kuanguka kwa siku moja. Itakuwaje basi kwa nyumba ya mawe isiyotajwa popote, au kwa msimulizi wa kibanda ambaye hajawahi kurekodiwa na mtafiti hata mmoja? Jengo likianguka nalo limekwisha kusimuliwa, hubaki na kivuli. Likianguka kabla ya kusimuliwa, halibakizi kitu.

Kazi ya Mwanafunzi wa Kiswahili

Katiba ya Kenya ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hata hivyo, maelezo mengi katika majengo ya kihistoria huandikwa kwa Kiingereza. Kundi la marafiki kutoka Kivaa hulazimika kusoma habari zao wenyewe kwa lugha ambayo babu zao hawakuisimulia. Pengo hili haliwezi kuzibwa na malalamiko. Linazibwa na kazi, tena kazi ndogondogo zinazoweza kufanywa katika matembezi ya siku moja.

Kwanza, wenzi wagawane usemaji kabla ya kuondoka: mmoja aulize habari za mlima, mwingine za maktaba, wa tatu za jina la mji, na kila mmoja awasimulie wenzake papo hapo. Pili, msamiati uangaliwe. Anayeyajua maneno boriti, baraza, shubaka na nakshi huona vitu vingi zaidi katika nyumba ya pwani kuliko asiyeyajua. Na mahali ambapo neno halipo, kama katika sehemu za bwawa la umeme, mafundi na wakazi waulizwe wanasemaje. Tatu, baada ya filamu, kila mmoja aisimulie upya kwa Kiswahili kabla ya kuagana. Nne, wasimulizi wa vibandani warekodiwe kwa idhini yao, na usimulizi wao uchunguzwe kama inavyochunguzwa ngano. Hatimaye, masimulizi ya wazee kwa Kikamba yatafsiriwe kwa Kiswahili, yale ya asili yakihifadhiwa kando, ili jirani wa ng'ambo ya Tana naye ayapate.

Hitimisho

Imeelezwa kuwa matembezi ya marafiki, ingawa hayana urasmi wa ziara, ni darasa kamili likipata msemaji. Kutoka bwawani hadi Kilimambogo, kutoka Machakos hadi mlango wa maktaba wenye simba, na kutoka gari la sinema hadi kibanda cha video, kilichoyapa mambo maana ni lugha ya kuyasemea. Kijana wa Kivaa hana jumba la sinema mlangoni pake, lakini ana wenzi, ana wazee na ana Kiswahili. Jengo halitajisemea, wala filamu ngeni haitajitafsiri. Wanaosomea lugha hii ndio wanaotazamiwa kusimama mbele ya ukuta na kuanza: paliondokea.