Sura ya Tano: Maji Kabla ya Chumvi

Mfugaji wa matumbawe anayeishi mbali na bahari hulazimika kuitengeneza bahari nyumbani. Huchukua maji yaliyosafishwa, akatia gramu 35 hadi 40 za chumvi maalumu kwa kila lita, akayakoroga kwa pampu, kisha akapima msongamano wa maji kwa haidromita. Chumvi huichagua kwa makini na husoma kila neno kwenye lebo. Maji huyaamini kwa sababu tu yamepita kwenye mtambo wake wa kuyasafisha. Sura hii inahusu imani hiyo, na kipimo cha dakika kumi kinachopaswa kuchukua nafasi yake.

Nitrati hutoka wapi

Nitrati huzaliwa na mbolea, samadi na uchafu wa vyoo. Huyeyuka upesi, na udongo hauwezi kuishika, kwa hiyo mvua huishusha hadi visimani na mitoni. Mji wa Des Moines, jimbo la Iowa nchini Marekani, unaijua adha hii vizuri. Maji yake hutoka kwenye mito ya Raccoon na Des Moines, inayokusanya maji ya mashamba makubwa ya mahindi na soya. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mamlaka ya maji ya mji huo ilijenga mtambo mahususi wa kuondoa nitrati. Hata hivyo, Juni 2025 nitrati ilipanda mitoni kiasi kwamba wakazi wa eneo hilo walipigwa marufuku kumwagilia nyasi, ili mitambo iweze kukidhi mahitaji ya maji salama.

Sheria ya Marekani inaruhusu miligramu 10 kwa lita, zikihesabiwa kama naitrojeni. Ukihesabu nitrati yenyewe, hiyo ni kama miligramu 44. Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa miligramu 50 za nitrati. Katika miji yetu, kisima kilichochimbwa karibu na vyoo vya shimo kinaweza kukaribia viwango hivyo au kuvipita. Lakini hata maji yanayofaa kabisa kunywewa yanaweza kuwa mabaya kwa matumbawe, kwa sababu bahari inayozunguka miamba yenye afya kwa kawaida haina hata miligramu moja ya nitrati kwa lita.

Mtambo huzuia nini, huachia nini

Ndani ya mtambo wa nyumbani, utando wa RO (osmosisi kinyume) huzuia chembe nyingi zilizoyeyuka, ila nitrati ni miongoni mwa zile zinazopenya kwa urahisi zaidi. Tuseme utando wako unazuia asilimia 90 ya nitrati. Maji yaliyoingia na miligramu 44 yatatoka na zaidi ya 4. Kazi ya kumalizia hizo ni ya resini, zile punje zinazonasa chembe zenye chaji. Resini ikiwa mpya, hazipiti. Ikichoka, mambo hugeuka: resini ya kawaida huipenda salfeti kuliko nitrati, kwa hiyo salfeti inayofika huisukuma nitrati iliyokwisha kunaswa, na kwa muda maji yanaweza kutoka na nitrati nyingi kuliko yalivyoingia. Hapo ndipo mtu huona mwani umefunika mawe na hajui ameutoa wapi.

Wengi hujibu kwamba wana kipima TDS, yaani jumla ya chembe zilizoyeyuka. Ni chombo kizuri, lakini kinapima jinsi maji yanavyopitisha umeme, basi. Hukwambia kuna chembe kiasi gani, hakikwambii ni chembe za nini. Kikionyesha sifuri ya kweli, tulia. Kikionyesha 4 au 5, usiseme ni karibu na sifuri, maana zote zinaweza kuwa nitrati. Tena kipima hicho huwekwa kwenye mdomo wa mtambo, ilhali maji utakayotumia yako kwenye pipa. Na ukinunua maji ya RO dukani, kumbuka yametayarishwa kwa ajili ya mnywaji, na mara nyingi hayakupitishwa kwenye resini.

Kwa nini kabla ya chumvi

Chumvi ikishaingia, kipima TDS hakina kazi tena, kwani maji yote ni chembe. Ukikuta nitrati wakati huo hutajua kama imetoka kwenye maji, kwenye chumvi au kwenye pipa. Na chumvi ya bei imekwisha kutumika.

Kuna hesabu nyingine inayosahaulika. Tangi la lita 300 likipoteza lita 5 kwa siku kwa mvuke, utalijazia lita 5. Mvuke hauondoki na nitrati. Maji ya kujazia yakiwa na miligramu 4 kwa lita, unaingiza miligramu 20 kila siku, yaani 600 kwa mwezi. Kama hakuna kinachoiondoa, tangi litapanda kwa miligramu 2 kwa lita kila mwezi kabla hujahesabu chakula cha samaki. Kubadilisha maji hakutakuokoa, maana maji mapya hayawezi kushusha nitrati chini ya kiwango yalichokuja nacho. Vijimwani vinavyoishi ndani ya matumbawe huneemeka, na rangi ulizozilipia hugeuka kahawia.

Namna ya kupima

Kemia ya seti nyingi za matone za kupimia nitrati ni kongwe. Mwaka 1879 Peter Griess, mkemia Mjerumani aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha bia cha Burton upon Trent, Uingereza, alieleza jinsi ya kuitambua nitriti kwa rangi. Seti nyingi za leo huigeuza kwanza nitrati kuwa nitriti kwa unga wa zinki, kisha rangi ya waridi au nyekundu hujitokeza.

Unga huo hutuama chini ya chupa. Usipoutikisa kwa nguvu kwa muda ulioandikwa, mgeuko hautakamilika na utasoma sifuri ya uongo. Suuza mrija kwa maji yenyewe unayoyapima, jaza hadi kwenye mstari, tia matone, tikisa, subiri, kisha soma rangi juu ya karatasi nyeupe kwa mwanga wa mchana. Kama seti ina kadi mbili, tumia ya maji yasiyo na chumvi. Angalia pia kama kadi inahesabu nitrati au naitrojeni. Ya pili huzidishwa kwa 4.4.

Kisha pima na maji ya bomba au kisima kwa seti ileile. Kama unajua yana nitrati na bado yanasoma sifuri, seti ndiyo mbovu.

Ukikuta rangi

Usichanganye chumvi. Mwaga maji ya dakika chache za mwanzo kila unapowasha mtambo, kwa sababu utando uliolala huachia chembe zaidi. Pima baada ya utando, kisha pima baada ya resini. Nitrati ikionekana baada ya resini, badilisha resini. Ikiwa nyingi baada ya utando, kagua presha ya maji na umri wa utando. Ikionekana pipani tu, safisha pipa. Rudia kipimo kila mvua zinapoanza, maana maji ya jana sio ya leo, na pima hadi rangi isionekane. Hapo fungua ndoo ya chumvi.