Sukari: fundisho lianze kwa bukari

“Papa, hapana kula tena bukari.” Jirani yetu, mchimbaji wa miaka mingi, alirudi toka lupitalo na neno hilo moja tu, pamoja na karatasi yenye picha za vyakula asivyovijua. Siku tatu alivumilia. Siku ya ine njaa ilimushinda shimoni; akarudilia sahani yake ya zamani, na karatasi ikawashia makala. Mwaka uliofuata, walimukata kidole cha muguu.

Tunauliza: kosa ni la papa, ao ni la fundisho?

Kule Kanada, karibu na Montréal, kuko kijiji cha Kahnawake, cha kabila la Mohawk. Wanaume wake wanajulikana kwa kazi ya hatari kama yetu: kupanda juu ya vyuma vya majengo marefu ya New York. Katika miaka ya 1980 waganga waliona kwamba ugonjwa wa sukari uko mwingi kwao kupita kwa majirani. Wazee waliposikia, waliomba watoto wafundishwe. Kazi ilianza katika 1994: walimu wa masomo ya kijiji wanafundisha, na wenyeji wanakata shauri pamoja na wachunguzi.

Njia hiyo ina faida. Katika 2014, wachunguzi walikusanya majaribio 33 yaliyofanywa kati ya makabila madogo ya inchi tajiri, watu zaidi ya 7 000. Wale waliofundishwa kwa kufuata luga, chakula na desturi zao, sukari ya damu ilishuka zaidi kuliko kwa waliopata matunzo ya kawaida.

Basi kwetu, tuanze kwa bukari. Si kuikataza, ni kuipunguza: kiasi cha ngumi. Nusu ya sahani iwe lengalenga ao sombe, mafuta kidogo, na pembeni samaki ao maharagi. Fanta na chai ya sukari mingi, hizo ndizo za kuacha kwanza. Mwenye kutumia dawa ya sukari asishuke shimoni na njaa, maana sukari inaweza kuanguka gafula. Na jioni, ukivua viatu vya kazi, angalia miguu: ugonjwa huu unaua maumivu, kidonda kinaoza bila wewe kusikia.

Kidole cha jirani yetu hakitarudi. Lakini juma lililopita alienda na bibi yake. Safari hii muuguzi aliuliza kwanza: “Mama, kwenu munapikaka nini?”