Je, Wajua Kwa Nini Pini ya Springi Hukataa Kutoka?

Katika Kolwezi, mji uliozaliwa mwaka 1937 kwa ajili ya shaba ya kampuni ya Union Minière, na ambao tangu mwaka 2015 ndio makao makuu ya jimbo la Lualaba, lori halihesabiwi kuwa limezeeka kwa sababu ya umri wake. Huzeeka siku ile ambayo fundi hawezi tena kulifungua. Zile Mercedes-Benz za pua fupi, zilizoanza kuundwa Ujerumani mwaka 1959, injini zake hufufuliwa mara kwa mara. Liwatoalo mafundi jasho ni jambo dogo zaidi, nalo ni pini ya springi iliyoganda mahali pake, isiyosikia spana wala nyundo.

Springi ya lori ni mabamba ya feleji yaliyopangwa moja juu ya jingine, na lile lililo refu kuliko yote limekunjwa ncha zake zikawa matundu mawili. Tundu moja hushikwa kwa pini kwenye kishikio cha fremu, na la pili huning'inia katika kiungo kinachobembea, kwa kuwa springi ikilemewa na mzigo hunyooka, na ikinyooka hurefuka, basi ni lazima ncha moja ipate nafasi ya kusogea. Pini ikiganda, feleji hupindwa mahali pasipokusudiwa, na hatima yake ni kukatika njiani.

Kutu haiikaushi pini tu, kama wengi wadhanivyo, bali huinenepesha: chuma kinapoungana na maji na oksijeni ya hewani hugeuka kitu kingine chenye ujazo mkubwa kuliko wa chuma chenyewe, mara mbili na aghalabu zaidi, na madhali tundu halina nafasi ya ziada, kutu hiyo hukaza pande zote. Lualaba mambo yanayoisaidia ni mengi: mvua nyingi za kuanzia Novemba hadi Machi, vumbi jekundu la kiangazi linaloigeuza grisi kuwa tope la kusagia, na, kwa malori yanayobeba tindikali ya salfa itumiwayo viwandani kuitoa shaba katika mawe yake, matone yanayochuruzika. Tena kuna jambo ambalo mwenyeji wa nchi ya shaba apaswa kulijua: bushi inayoizunguka pini katika lori la zamani aghalabu ni ya shaba iliyochanganywa na bati, na chuma kikigusana na shaba penye unyevu, umeme hafifu hupita baina yao, nacho chuma ndicho kiliwacho. Bushi husalimika, pini huangamia.

Asiyejua huanza kwa nyundo nzito, na huo ndio uharibifu mkubwa kuliko wote, kwani ncha ya pini ikipigwapigwa hutanuka, na pini iliyotanuka ncha haipiti tena katika tundu lake. Fundi stadi kwanza hulitegemeza lori juu ya magogo imara, wala haiamini jeki peke yake. Kisha huitafuta bolti ndogo inayoifunga pini ubavuni, iliyojificha chini ya tope, ambayo wengi wameisahau wakapiga nyundo nusu ya siku bure. Hung'oa nipeli ya grisi, hutia mafuta mepesi, halafu huenda kulala. Naam, kulala, kwani mafuta hupenya ufa mwembamba kwa tabia yake, hayaharakishwi kwa matusi.

Asubuhi huja moto wa gesi. Chuma hutanuka kadiri ya sehemu 12 katika milioni kwa kila digrii, hivi kwamba tundu la milimita 30, likipashwa moto digrii 200 kuliko pini iliyomo ndani yake, hupanuka takriban sehemu 7 katika 100 za milimita, yaani unene wa unywele. Na unywele huo watosha. Ila moto uelekezwe kwenye kishikio, si kwenye springi, maana feleji hiyo ilipewa unyumbufu wake kiwandani kwa moto uliopimwa, na ikiiva hadi kuwa nyekundu huupoteza, wala hakuna fundi wa kando ya barabara awezaye kuurudisha. Kabla joto halijaifikia pini, hupigwa pigo moja zito juu ya kipande cha shaba kilichowekwa kwenye ncha yake. Isiposogea hapo, hukatwa kwa gesi, na kazi hiyo haina ustadi wa kusimuliwa.

Mwenye lori na atie grisi mara kwa mara, hasa baada ya mvua, na ainyanyue fremu kwanza ili uzito utoke juu ya springi, kwa sababu pini iliyolemewa huacha nafasi upande mmoja tu, na grisi itiwayo namna hiyo haifiki upande unaosagika.