Kalerwe: Mkono ukitetemeka, si obuko

KAMPALA. Mchuuzi anayepanga nyanya soko la Kalerwe, kando ya barabara ya Gayaza, haufikirii mkono wake. Unashika, unageuza, unaweka, naye macho yako kwa mteja. Lakini mkono ukianza kutetemeka na hatua zikawa nzito, hata kuhesabu chenji huwa kazi, na majirani huanza kunong'ona.

Katika imani ya Waganda, kutetemeka huko ni obuko, adhabu ya kuvunja mwiko wa wakwe, kama vile mtu kumgusa mama mkwe. Ndiyo maana mgonjwa hujificha nyumbani, meza yake sokoni ikabaki tupu. Kikundi kimoja cha Uganda kinachosaidia wagonjwa kimejiita Parkinson's Si Buko. Jina hilo peke yake ni jibu.

Daktari wa London, James Parkinson, aliueleza ugonjwa huu mwaka 1817. Tabaka la juu la ubongo hupanga mwendo, kisha vituo vya ndani zaidi huchagua upi upite na upi uzuiwe. Kemikali iitwayo dopamini ndiyo husaidia kuinua kizuizi. Seli zinazoitengeneza zikifa, amri za mwendo hukwama kama malori Mutukula mtandao wa forodha ukizima.

Dopamini hiyohiyo ina kazi nyingine, na hii wafanyabiashara mtaitambua. Hupanda mtu anapopata faida asiyoitarajia. Faida iliyozoeleka haiishtui sana. Wenye vibanda vya kubeti wanaijua siri hiyo, hata kama hawajui jina lake.

Sehemu hizo mbili hukutana kwenye matibabu. Levodopa, ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini, hupunguza dalili ingawa haiponyi. Dawa nyingine, zinazoiga dopamini, zimewafanya baadhi ya wagonjwa kushikwa na kamari au ununuzi usiozuilika. Mzee aliyekuwa mwangalifu akianza kumaliza mtaji kwenye kubeti, msimgombeze kwanza. Mwambieni daktari wake. Naye asiache dawa ghafla kwa uamuzi wake, maana hilo lina hatari zake.

Kwa anayevuka mpaka, vidonge vikae kwenye mkoba wa mkononi pamoja na karatasi ya daktari, visipakiwe na mzigo. Dozi huenda kwa saa, na lori likichelewa mpakani, mwili hausubiri.