Mwenye Jembe na Mwenye Haja

Katika maneno ya Kiingereza yanayowasumbua watoto wetu wa Handeni na Korogwe, leo twapenda kuyatazama mawili tu, nayo ni “lend” na “borrow”. Kuyatamka si kazi. Ugumu wake watoka katika Kiswahili chetu wenyewe.

Sisi twasema, “Niazime jembe lako,” yaani nipe. Tena twasema, “Nimeazima jembe kwa jirani,” yaani nimepewa. Neno ni lile lile, wala hapana apoteaye, kwani maneno yanayolizunguka yaonyesha jembe latoka kwa nani. Wala huu si upungufu. Wadachi, waliotawala nchi hii ya Wazigua na Wasambaa hata mwaka 1916, nao wana neno “leihen” litumikalo pande zote mbili. Mwingereza hakubali. Neno la atoaye ni “lend”, la apokeaye ni “borrow”, basi.

Lakini Kiswahili nacho chauliza swali ambalo Kiingereza hakiulizi: Je, kitarudi kitu chenyewe? Jembe, sufuria na baiskeli huazimwa, kwa kuwa hurudi vile vile. Fedha hukopwa, maana hutumika zikaisha, na zirudizo ni nyingine. Kwa Mwingereza jembe na shilingi zote ni “borrow”. Kwa hiyo mwalimu aandikaye ubaoni ya kwamba “borrow” ni kuazima, asiishie hapo. Twaona ni afadhali aanze na kukopa na kukopesha, kwani hapo Kiswahili chamtenga atoaye na apokeaye kama Kiingereza kifanyavyo, na mtoto ataelewa upesi.

Hasara ya kuyachanganya haiishii katika mtihani. Tuseme baba mmoja wa Korogwe amemkopesha mtu shilingi 50,000, akamwagiza mwanawe aliye sekondari aandike hati kwa Kiingereza. Mtoto akiandika “borrowed” mahali pa “lent”, baba mwenye kudai amegeuka mdaiwa, na sahihi yake iko chini. (Kwa nini hati hiyo isiandikwe kwa Kiswahili, ambacho wote wawili wakisoma, sisi hatuoni.)

Kwa “bring” na “take” hapana shida kubwa. Kuleta na kupeleka zakaribiana nayo sana.

Nyumbani, mtoto na ampe nduguye kisu, akisema, “I lend this knife to you.” Nduguye akipokea aseme, “I borrow it from you.” Kisha wabadilishane. Mzazi asiyejua Kiingereza aweza kusikiliza maneno madogo tu: “to” yaenda na “lend”, na “from” yaenda na “borrow”.